Bodi inayoganda ikimaliza kuwaka

SWALI: Nimeandika draiva ya saa za prosesa yetu kwa kerneli ya Linux. Bodi huganda mwishoni mwa kuwaka. Mkaguzi aanzie wapi?

JIBU: Aanze na saa zisizotumiwa. Tangu toleo la 3.4 la mwaka 2012, mfumo wa pamoja wa saa huzima mwishoni kila saa ambayo hakuna draiva iliyoiwasha. Ikiwemo ya memori, bodi huganda. Jaribu kuwasha bodi kwa kigezo clk_ignore_unused. Ikipona, tafuta saa husika, uipe alama CLK_IS_CRITICAL na uandike sababu. Pia akague kitendakazi enable cha draiva: hakiruhusiwi kulala, kusubiri kurefu kwa PLL kuwekwe kwenye prepare. Kigezo clk_ignore_unused ni cha uchunguzi tu. Usikiache kwenye bidhaa, kitamaliza betri bure.