Sensa Iliyokula Nauli

Wanachama wenzangu, gari la mjomba, libebalo abiria Ukunda na Msambweni, lilianza kunywa petroli ajabu. Nauli yote ikaishia kwa mafuta, na karo yangu ikangoja. Fundi wa kwanza alitaka abadilishe pampu. Wa pili akafungua plagi: masizi matupu! Maana yake mafuta yamezidi. Kisha akapima sensa ya oksijeni, ile iliyo kwenye bomba la moshi. Injini ikishapata moto, volti zake hupanda na kushuka, 0.1 hadi 0.9. Hii ilikwama 0.1, yaani inaiambia kompyuta mafuta ni machache, nayo inazidi kumwaga. Plagi na sensa, nani mwongo? Bomba likitoboka karibu na sensa, hewa huingia ikasingiziwa bure. Fundi akakagua, hakuna tundu. Ndipo akaitoa.