Kompyuta ikiugua: pima kwanza, tibu baadaye

Uko Nyegina, Bunda au Butiama, zamu yako ya kompyuta imefika. Unabonyeza kitufe: kimya. Mwenzako anaipiga makofi, mwingine anatafuta bisibisi. Ngojeni kwanza! Daktari hakupi dawa ya malaria kabla ya kukupima. Kompyuta nayo ipimeni. Anzeni na jambo rahisi, na mbadilishe kitu kimoja kimoja. Mkibadilisha vitatu kwa mkupuo, ikipona hamtajua dawa ilikuwa ipi.

1. Haiwaki kabisa. Je, umeme upo? Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Ikifanya kazi, jaribu waya wa kompyuta nyingine.

2. Feni inazunguka, kioo cheusi. Kaza waya wa kioo. Ikilia pi-pi-pi, mara nyingi RAM imelegea. Mwalimu akiwepo, zima, chomoa waya wa umeme, gusa bati la kasha, kisha itoe RAM na uirudishe ikae sawasawa.

3. Inajizima baada ya muda. Huenda ni joto: vumbi limeziba feni. Zima, chomoa, safisha kwa brashi laini iliyo kavu.

4. Saa inarudi nyuma kila ukiwasha. Betri ndogo ya volti 3, bapa kama sarafu, imekwisha.

5. Mafaili ya flashi hayaonekani. Usifute kitu! Virusi vingi huyaficha tu. Tumia programu ya kukinga virusi.

Sasa, uishie wapi? Usifungue pawa saplai hata siku moja. Umeme wa ukutani ni volti 230, na hata ukichomoa, ndani hubaki umeme. Vioo vya zamani vyenye mgongo mkubwa ni hatari zaidi. Hiyo ni kazi ya fundi. Mwenzako akinaswa na umeme usimshike. Zima swichi kuu kwanza.

Na ile betri kuukuu usiiache mezani. Mdogo wako akiimeza, ikikwama inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2 tu. Usimtapishe. Mkimbize hospitali mara moja, hata kama halii.

Kujua pa kuishia nako ni ufundi!

Zoezi: Kompyuta inafanya kazi robo saa, kisha inazimika. Utaangalia nini kwanza, na kwa nini? Jadilini darasani.