Mtoto Hajaja: Nendeni Wawili



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi za huku kwetu husemwa kwa minong'ono tu, yaani ndoa ambayo haijapata mtoto. Katika utume wangu wa ukatekista nimeingia katika nyumba nyingi, za wenye mashamba yao kule Bomet na za wachumaji wa majani chai hapa Kericho. Nimejifunza jambo moja. Kukosa mtoto kwenyewe hakuvunji ndoa. Kinachovunja ndoa ni mmoja kubebeshwa mzigo wa wawili.

Bwana mmoja na mkewe walinijia baada ya miaka tisa ya ndoa. Mama alikuwa amekunywa dawa za mitishamba na kuzunguka zahanati nyingi, kila mara peke yake. Bwana hakuwa amepimwa hata siku moja. Ushauri wa jamaa ulikuwa wa namna tatu. Mama mkwe alitaka mwanawe aoe mke wa pili. Shangazi alisema mke mwenyewe amwoe msichana, kwa desturi ya Kikipsigis. Binamu aliyeko Nairobi alisema wauze ng'ombe, waende kwa madaktari wanaotunga mimba nje ya mwili.

"Katekista, tushike njia ipi?" waliniuliza.

Nami niliuliza, "Baba, wewe umepimwa?" Akatazama chini. Mkewe akaanza kulia.

Desturi yetu ilitafuta nini

Tusiwadharau wazee wetu. Kwa Wakipsigis na Wanandi, kila mke alikuwa na nyumba yake, na ng'ombe na shamba la nyumba ile lilirithiwa na wana wa nyumba ile. Mama asiye na mtoto wa kiume aliona jina la nyumba yake likizimika. Ndiyo sababu aliruhusiwa kumtolea msichana mahari na kumwoa. Hawakulala pamoja kama mume na mke. Msichana alizaa na mwanamume, na watoto wakawa wa nyumba ya yule mama, ambaye kwao alihesabiwa kuwa baba.

Desturi hii haijafutika. Mwaka 2011 Mahakama Kuu huko Mombasa iliitambua ndoa ya namna hii ya Kinandi katika kesi ya urithi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, hata hivyo, inasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke.

Wazee walitaka mama mgumba asifukuzwe, na uzeeni asibaki bila mtu. Nia hiyo ni njema. Lakini tumwulize na yule msichana: je, yeye atakuwa na mume wa kumpenda? Na mtoto atamjua baba aliyemzaa? Hata Sara, mke wa Ibrahimu, alimtoa Hajiri kijakazi wake ili apate mtoto kwa njia yake. Tunajua ni machozi mangapi yalifuata katika nyumba ile.

Madaktari wanasema nini

Shirika la Afya Duniani linasema ni wakati wa kuchunguzwa ikiwa mimba haijapatikana baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kuzuia uzazi. Mwaka 2023 shirika hilo lilitangaza kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 duniani hupatwa na tatizo hili katika maisha yake. Basi si laana ya ukoo fulani.

Chanzo chaweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili. Mirija ya mama yaweza kuziba kwa sababu ya ugonjwa wa zinaa usiotibiwa, au uchafuzi ulioingia baada ya kuzaa au kuharibika kwa mimba. Mume naye aweza kuwa na mbegu chache au dhaifu, pengine kwa sababu ya mishipa ya korodani iliyovimba, au matubwitubwi aliyougua alipokuwa amekwisha kubalehe. Baba, sikiliza vizuri: nguvu za unyumba si uthibitisho wa mbegu. Mwanamume aweza kuwa na nguvu zote na bado mbegu zake zisitoshe.

Kutunga mimba nje ya mwili ni jambo jingine. Yai la mke na mbegu ya mume hukutanishwa katika maabara, kisha mimba hutiwa katika tumbo la uzazi. Mtoto wa kwanza aliyetungwa hivyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Hapa Kenya watoto wa kwanza wa njia hii walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Gharama yake ni kubwa, na mara nyingi haifanikiwi kwa jaribio la kwanza.

Dini zinajibu nini

Ndugu zetu Waislamu wamelifikiria jambo hili pia. Mwaka 1980 Mufti Mkuu wa Misri, Sheikh Jad al-Haq Ali Jad al-Haq, aliruhusu njia hii ikiwa yai ni la mke na mbegu ni ya mumewe, wakiwa katika ndoa. Mbegu ya mtu wa tatu alikataa, kwa kuwa inavuruga nasaba ya mtoto. Waprotestanti wengi nao huiachia dhamiri ya mume na mke.

Mama Kanisa anakwenda mbali zaidi. Katika waraka wa Roma uitwao Donum Vitae wa mwaka 1987, na tena katika Dignitas Personae wa mwaka 2008, anafundisha kwamba mtoto atungwe katika tendo la upendo la mume na mke, wala si kwa kazi ya fundi katika maabara. Sababu yake ya kwanza ni kwamba mtoto ni zawadi, si kitu ambacho tuna haki ya kukidai. Sababu ya pili ni kwamba mara nyingi hutungwa mimba kadhaa, moja au mbili zikatumika, na nyingine zikagandishwa kwa baridi au kutupwa. Kila mmoja wa hao ni uhai wa binadamu.

Najua fundisho hili ni gumu kwa aliyengoja miaka tisa. Lakini msilisikie nusu. Kanisa halikatai matibabu. Kuzibua mirija, kupasuliwa pale inapohitajika, kutumia dawa za kusaidia yai kukomaa, yote hayo yanaruhusiwa, maana yanalisaidia tendo la ndoa bila kulichukulia nafasi yake. Na ikiwa jirani yako amepata mtoto kwa njia ya maabara, mtoto huyo ni zawadi ya Mungu kama mwanao. Asinyoshewe kidole kanisani.

Mfanye nini basi

Kwanza, nendeni wawili, siku moja. Tunazo hospitali za misheni, kama Kaplong ya Wakatoliki na Tenwek iliyoanzishwa na wamisionari wa Kiprotestanti, tena ziko hospitali za serikali. Ulizeni huko mtaelekezwa wapi. Mume aombe kupimwa mapema, kwa kuwa kipimo chake ni rahisi kuliko vingi vya mke. Mwelezeni daktari kwamba mnataka mbegu ipatikane kutokana na tendo la ndoa lenyewe. Njia ipo.

Pili, jifunzeni siku za rutuba. Mafundisho ya Billings, ya kuangalia ute wa mama, hayakuwekwa kwa ajili ya kupanga uzazi tu. Yanawasaidia pia wanaotafuta mtoto wajue siku zao njema.

Tatu, kabla ya kukubali dawa au kupasuliwa, ulizeni: Ni ya kazi gani? Ina hatari gani? Tusipoikubali itakuwaje? Daktari mwema hakasiriki akiulizwa.

Nne, majibu ni ya ninyi wawili. Kubalianeni nani ataambiwa, na ni nani atakayesema. Ikiwa shida ni ya mume, mke asiitangaze kisimani. Na ikiwa ni ya mke, mume asiipeleke kwa mama yake kama mashtaka.

Tano, ikiwa milango yote imefungwa, fikirini kuasili mtoto. Nendeni ofisi ya watoto ya serikali mwelezwe taratibu. Aliyeasiliwa kwa sheria ana haki ya urithi kama aliyezaliwa nyumbani. Zungumzeni na wazee mapema, ili shamba lisije likawa ugomvi mkiwa kaburini.

Na mkumbuke: sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, inasema wazi kwamba ugumba hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Mke asiyezaa ni mke kamili. Hana anayemsomea hukumu.

Wale wawili

Walikwenda pamoja. Ikaonekana mke hana shida. Shida ilikuwa kwa mume. Alikaa siku mbili bila kula vizuri. Jumapili baada ya Misa akaenda kwa mama yake, akasema mbele ya shangazi, "Mama, msimguse tena mke wangu kwa maneno. Ni mimi." Mama yake alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamwita mkwewe waandae chai pamoja.

Mpaka leo hawajapata mtoto. Bado wanatibiwa, na wameanza kuuliza habari za kuasili. Lakini mke aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka tisa analala usingizi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika ndoa yetu, ni mzigo gani ambao mmoja wetu anaubeba peke yake?
2. Tukipewa majibu ya hospitali, nani ataambiwa, na kwa maneno gani?
3. Katika jumuiya yetu ndogo, tunawaitaje waliokosa mtoto? Je, sisi tungependa kuitwa hivyo?

Mungu azibariki nyumba zenu, zenye watoto na zinazongoja.