Majira, Majina na Maana: Bustani ya Nyumbani kama Chanzo cha Data ya Leksikografia

1.0 Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba bustani ya nyumbani, ikichunguzwa kwa utaratibu katika majira yote ya mwaka, ni chanzo muhimu cha data kwa mtunga kamusi ya Kiswahili. Hoja yetu inatokana na kasoro iliyo dhahiri katika ufafanuzi wa majina ya mimea na viumbe. Mara nyingi fasili huanza kwa kusema kwamba kirejelewa ni aina ya ndege, ya mti au ya mdudu, kisha ikaongeza ukubwa au rangi na kukomea hapo. Huonekana lini, hufanya nini, na hutoweka lini, hayo hayasemwi. Matokeo yake ni kwamba vidahizo viwili tofauti vyaweza kupata fasili zisizotofautiana, na msomaji asiyemjua kiumbe anayehusika hawezi kumtambua kwa msaada wa kamusi.

Tatizo hili si la kamusi peke yake. Mwanafunzi wa leo akiulizwa jina la ndege anayelia nje ya dirisha lake, si ajabu akajibu kwamba ni ndege tu. Wanaolijua jina hilo wengi wao ni watu wazima. Ikiwa kamusi itahifadhi jina bila maana yake, wazee hao wakishaondoka tutabaki na orodha ya maneno yasiyo na vitu.

2.0 Mfumo wa Majira

Katika mwambao wa Afrika Mashariki mwaka hugawanywa kwa misingi miwili inayokwenda sambamba. Msingi wa kwanza ni mvua na joto: masika (takriban Machi hadi Mei), kipupwe (Juni hadi Agosti), vuli (Oktoba hadi Desemba) na kiangazi, yaani miezi ya jua kali kabla ya masika. Msingi wa pili ni pepo za msimu. Kusi huvuma kutoka kusini katika miezi ya katikati ya mwaka, na kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu na masika. Ikumbukwe kwamba maneno kusi na kaskazi hutaja upepo na pia majira ya upepo huo.

Sambamba na misingi hiyo kuna mwaka wa jua wa Waswahili unaoanzia Nairuzi, ambao siku yake ya kwanza huadhimishwa Makunduchi, Unguja, katika sherehe ya Mwaka Kogwa mwezi wa Julai. Siku za mwaka huo huhesabiwa kwa miongo, yaani makumi, nazo jumla yake ni 365 bila nyongeza ya mwaka mrefu. Kwa sababu hiyo hesabu hiyo huachana na mwendo wa jua kwa takriban siku 1 kila miaka 4. Kwa hiyo hesabu peke yake haitoshi kumwongoza mkulima. Yampasa aisome pamoja na dalili za viumbe na mimea iliyomzunguka.

3.0 Bustani katika Mzunguko wa Mwaka

3.1 Masika

Baada ya mvua za kwanza kumbikumbi hutoka ardhini kwa wingi, na jongoo huanza kutambaa kwenye njia za bustani. Kumbikumbi si mdudu wa aina yake peke yake. Ni mchwa waliokwisha kuota mabawa, wanaoruka ili kujamiiana, wakayapukutisha mabawa hayo na kuanzisha makazi mapya. Kwa hiyo uhusiano wa kisemantiki kati ya mchwa na kumbikumbi si wa spishi mbili bali wa hatua za maisha, na hatua hiyo hufungamana na mvua. Fasili isiyotaja mvua itakuwa imeacha sehemu ya maana.

Majira ya mvua ndiyo pia ya mnana kujenga. Dume husuka kiota kwa majani mabichi yanayopindika kwa urahisi, na wadudu wa kulishia makinda huwa wengi wakati huo. Dudumizi naye husikika zaidi kuliko anavyoonekana. Mlio wake hufanana na maji yanayomiminwa kutoka chupani, na watu wengi huuchukulia kuwa dalili ya mvua.

3.2 Kipupwe

Baridi na ukavu wa kipupwe huuchochea mwembe kuchanua. Katika mwambao wa Tanzania maua huonekana kuanzia Juni hivi, na maembe mengi huiva kuanzia Novemba. Linganisha na mnazi, ambao huzaa mwaka mzima. Tunda lake huchukua takriban miezi 12 tangu ua hadi kukomaa, na mti mmoja waweza kubeba vichala vya umri mbalimbali kwa wakati mmoja. Hii ndiyo sababu, kwa maoni yetu, lugha imehitaji mfululizo wa majina: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Majina haya yanapima umri wa tunda, si majira. Uchunguzi wa bustani unatuonyesha basi kwamba kigezo cha majira hakifai kwa kila kidahizo.

3.3 Vuli na Kaskazi

Kipindi hiki ndicho chenye mafunzo mengi zaidi kwa mtunga kamusi. Tuchukue jina mbayuwayu. Mwenye bustani akiweka kumbukumbu za mwaka mzima atagundua kwamba jina hili limebeba zaidi ya ndege mmoja. Wapo mbayuwayu wakaazi, ambao huweza kuonekana mwezi wa Juni na hujenga viota vya udongo chini ya mapaa. Wapo pia wageni wanaofika kuanzia Septemba hivi kutoka Ulaya na Asia, wakakaa hadi karibu na Aprili, wala hawazalii huku. Mtazamaji wa siku moja hawezi kuigundua tofauti hii, yahitaji mwaka.

Majira vilevile huweza kuwa chanzo cha jina lenyewe. Mkrismasi, mti uliotoka Madagaska, umepewa jina hilo kwa sababu maua yake mekundu hutanda karibu na Krismasi. Upande wa Ziwa Viktoria uhusiano umekwenda kinyume: katika Kiganda mwezi wa Novemba huitwa Museenene, kutokana na senene. Huku sikukuu imeupa mti jina, na kule mdudu ameupa mwezi jina.

4.0 Mapendekezo

Tunapendekeza mtafiti awe na daftari lenye safu tano: tarehe, hali ya mvua na upepo, jina kama lilivyotamkwa, tendo la kiumbe au hatua ya mmea, na asili ya msemaji. Safu ya mwisho ni ya lazima, kwani jina moja laweza kuwa na virejelewa tofauti katika lahaja tofauti. Fasili zitokanazo na daftari hilo zaweza kuwa kama hizi:

kumbikumbi nm mchwa mwenye mabawa atokaye ardhini kwa wingi baada ya mvua za mwanzo, huliwa.

mnana nm ndege mdogo ambaye dume lake husuka kiota cha kuning'inia kwa majani mabichi, hasa wakati wa mvua.

Izingatiwe kwamba hatukuandika "wakati wa masika". Dodoma, kwa mfano, hupata msimu mmoja tu wa mvua, hivi kwamba mgawanyo wa vuli na masika hauna nguvu huko. Fasili ya lugha sanifu haina budi kutaja hali, yaani mvua za mwanzo, badala ya mwezi au jina la msimu wa mwambao.

Aidha, njia hii ina mipaka. Jina kunguru linatumika kwa ndege wa asili mwenye kifua cheupe, na pia kwa kunguru wa shingo ya kijivu aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890. Wote wawili huonekana mwaka mzima. Hapa ni rangi, si majira, itakayowatenganisha.

5.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba majira ni sehemu ya maana ya majina mengi ya viumbe na mimea, na kwamba sehemu hiyo haipatikani maktabani peke yake. Kazi inayopendekezwa haihitaji fedha nyingi. Inahitaji ua wenye miti michache, mzee mmoja anayejua majina, na mtafiti aliye tayari kusubiri mwaka uzunguke. Kati ya hayo matatu, ni mzee ambaye hatatusubiri. Ni wajibu wa wanafunzi wa uzamili, ambao wengi wao wametoka katika nyumba zenye bustani za namna hii, kuianza kazi hiyo wangali na wa kumwuliza.