Akili bandia katika biro ya koperative: inaleta faida?

Ndugu wanachama, makuta ya koperative ni jasho la wote. Mbele ya kuyatoa kwa kulipia programu kama ChatGPT, iliyotoka mwaka 2022, tufanye hesabu, kama vile tunavyofanya kwa mbolea.

1. Tuchague kazi moja: barua, ripoti ya mkutano, ao orodha ya magunia ya mahindi.

2. Tupime saa. Wiki mbili sekretere afanye kazi ile bila programu, wiki mbili zingine afanye nayo. Saa za kusahihisha nazo zihesabiwe.

3. Tujumlishe gharama: abonema, mega, kuchaji telefone. Tuseme tunaokoa saa 6 kwa mwezi, na saa moja ya sekretere ni franka 3000. Faida ni franka 18000. Gharama ikipita pale, tuache.

4. Tuiulize jambo tunalolijua. Gunia la urea la kilo 50 lina azoti kilo ngapi? Ni 23, juu urea ina azoti 46 kwa mia. Hata ikijibu vizuri leo, kesho inaweza kukosea bila kusita. Kwa hiyo, vipimo vya mbolea na hesabu ya makuta, mtu avihakikishe kila mara.

5. Majina na madeni ya wanachama tusiyaingize humo.

Kama barua ni mbili tatu kwa mwezi, daftari na kalamu vinatosha. Mwezi ukiisha, hesabu iletwe kwenye mkutano. Wanachama ndio wataamua.