Eti Mtoto Huyu Hana Kichwa?

Safari hii tunataka tuzungumze habari ya neno moja ambalo nasi wenyewe tumewahi kulitumia: "Huyu hana kichwa." Neno hilo likishatoka, uamuzi haukawii. Ada haitafutwi tena. Kijana anapelekwa baharini na ami yake, msichana anabaki jikoni.

Tuchukue Mkokoni, kijiji cha wavuvi kule Lamu. Tuseme yuko msichana wa darasa la sita ambaye hesabu zinamshinda kila muhula. Lakini mtazameni nyumbani. Kila jioni anasuka ukili wake, na akikosea anafumua na kuanza tena bila kuambiwa na mtu. Au yuko kijana ambaye chuoni amehifadhi sura baada ya sura kwa kurudia kila siku, na shuleni huyohuyo anaitwa mzito! Hebu tujiulize, kinachomfanya yule msichana afumue ukili ni kitu gani?

Wataalamu wa saikolojia wanakiita uangalifu, yaani kufanya kazi kwa utaratibu, kuimaliza, na kutimiza ulichoahidi. Ni fungu moja kati ya mafungu matano ya tabia wanayoyapima. Mwaka 2009 mtafiti Arthur Poropat wa Australia alikusanya tafiti zilizohusu wanafunzi zaidi ya 70,000. Kwa sekondari na vyuo vikuu, uangalifu uliyatangulia mafungu mengine yote katika kutabiri alama. Tena katika vyuo vikuu ulisaidia kutabiri sawa na akili yenyewe. Hatusemi akili haina kazi, maana kwa watoto wa msingi bado ina uzito mkubwa. Na hesabu hizi ni za kundi zima. Hazimpigii ramli mtoto mmoja.

Huenda mtu akasema, watoto wetu wa kijijini hawana nidhamu hiyo. Kumbe! Mtafiti Bettina Lamm na wenzake waliwapa watoto wa miaka 4 kitu kitamu, wakawaambia: ukisubiri bila kula, utapata cha pili. Watoto wa Ujerumani waliosubiri walikuwa kama 3 kati ya 10. Watoto wa Wanso, wakulima wa Kameruni, waliokuwa na andazi mbele yao, walisubiri karibu 7 kati ya 10, na wengine wakapitiwa na usingizi palepale.

Basi mbona alama hazifuati? Hapa tusiwalaumu watoto haraka. Mwaka 2018, huko Marekani, Tyler Watts na wenzake walirudia jaribio kama hilo wakitia pia hali ya nyumbani katika hesabu. Uhusiano kati ya kusubiri utotoni na kufaulu baadaye ukapungua sana. Mtoto mwangalifu asiye na daftari, wala mwanga, wala saa moja ya utulivu, atautumia uangalifu wake kwenye kile alichonacho, na pengine ni ukili tu.

Hapo ndipo kikundi kinapoweza kuingia. Bahari ikitulia wakati wa kaskazi, kila mkono unatakiwa mashuani, hilo tunalijua. Lakini mnaweza kukubaliana siku ambazo kijana wa shule haitwi. Taa moja ya sola inaweza kuwakusanya watoto kadhaa jioni. Kila mtoto aseme leo atamaliza nini, na mama mmoja wa kikundi amuulize kesho, hata kama mama huyo hajui kusoma. Kuuliza "umemaliza?" hakuhitaji cheti. Na tabia hii haikomi kukua utotoni. Huzidi hata mtu akishakuwa kijana mzima.

Mkikutana, jadilini: ni mtoto gani hapa kijijini tumeshamkatia tamaa, na ni kazi gani anayoimaliza vizuri bila kusukumwa? Nani atakwenda kuongea na wazazi wake kabla ya muhula kufunguliwa? Na ile taa ya kikundi, usiku huu iko nyumbani kwa nani?