Sema Goti Linavyouma: Jinsi Mkazi wa Bowie Anavyoweza Kutumia Dodoso la Mgonjwa Kabla na Baada ya Upasuaji

Mzee wa Kiswahili akiulizwa hali na daktari, hujibu kama alivyozoea kujibu barazani: salama, tunamshukuru Mungu. Kwa daktari wa mifupa adabu hiyo inamponza. Eksirei inaonyesha dalili kwamba gegedu limelika. Haionyeshi kwamba mgonjwa sasa analala sebuleni kwa sababu ngazi zimemshinda, wala kwamba ameacha shifti za usiku. Hayo anayajua yeye peke yake, na ndiyo yanayoamua kama operesheni ilimfaa.

Wazo la kumfuata mgonjwa mpaka matokeo yajulikane ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Boston, daktari mpasuaji Ernest Codman alitaka kila mgonjwa awe na kadi, na hospitali itazame baada ya mwaka mzima kama kisu kilimsaidia, kisha iyatangaze matokeo. Wakubwa wenzake hawakumpenda kwa hilo. Uingereza ilianza Aprili 2009 kuwauliza wagonjwa wa nyonga, goti, ngiri na mishipa ya vena iliyovimba, kabla na baada ya upasuaji. Nchini Marekani, bima ya Medicare sasa inazitaka hospitali zilizo chini ya mfumo wake wa malipo zikusanye majibu ya wagonjwa wake waliobadilishiwa nyonga au goti, kwa operesheni zilizofanywa kuanzia 1 Julai 2024.

Mwongozo huu ni kwa mgonjwa wa Bowie, jimbo la Maryland, na mwanawe anayempeleka kliniki. Mfano ni wa goti na nyonga kwa kuwa huko ndiko madodoso yalikokomaa, lakini hatua zenyewe zinafaa kwa upasuaji mwingi wa kupangwa.

Hatua ya 1: Jua utapasuliwa wapi na dodoso litafika kwa njia gani

Bowie ni mji mkubwa kuliko yote katika kaunti ya Prince George's, lakini hauna hospitali ya kulaza wagonjwa. Kituo cha University of Maryland Bowie Health Center kina huduma ya dharura saa 24. Anayehitaji kulazwa huhamishiwa kwingine. Kwa hiyo wengi hupasuliwa Largo, Lanham, Annapolis au Washington, D.C.

Siku ya kupangiwa operesheni, muulize mratibu maswali matatu: Je, mnatumia dodoso la mgonjwa? Linakuja kwenye akaunti ya mgonjwa ya mtandaoni, kwa simu, au kwenye kishikwambi pale kliniki? Na nani anayasoma majibu? Usidhani hospitali zote zinafanana. Za Washington, D.C. zinalipwa chini ya mfumo wa Medicare wa nchi nzima. Maryland ina utaratibu wake wa kulipa hospitali unaosimamiwa na tume ya jimbo, HSCRC, hivyo masharti ya dodoso yanaweza kutofautiana.

Fungua akaunti ya mtandaoni siku hiyohiyo. Tumia barua pepe anayoifungua mgonjwa mwenyewe, au ya mtoto anayeishi naye. Dodoso likipelekwa kwenye anwani ambayo hakuna anayeifungua, halitajazwa.

Hatua ya 2: Omba mkalimani kabla ya siku yenyewe

Usitegemee kulikuta dodoso kwa Kiswahili. SF-36, mzazi wa madodoso kadhaa ya leo, lilitafsiriwa na kujaribiwa Tanzania, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1999. Hata hivyo, kliniki nyingi za hapa huenda zikawa na Kiingereza na Kihispania tu.

Mkalimani mwenye sifa, wa bure, ni haki chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya 2010. Haki hiyo inahusu hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu, zikiwemo za Medicare na Medicaid. Hospitali haipaswi kumtegemea mtoto mdogo kutafsiri, isipokuwa kwenye dharura. Ukipiga simu ya miadi, taja lugha, na utaje unakotoka pia: Kiswahili cha Lubumbashi na cha Tanga vinaachana kwenye maneno ya mwili na maumivu. Omba mkalimani awepo wakati wa kujaza dodoso pia, asije kwa mazungumzo na daktari tu.

Binti au kijana mkubwa anaweza kusaidia kubofya. Asijibu badala ya mzazi. Watoto hupunguza maumivu ya mama yao ili asitishike, au huyaongeza ili apasuliwe haraka, na alama za namna hiyo hazitamsaidia daktari.

Hatua ya 3: Jaza kabla ya kisu

Hatua hii hurukwa kirahisi, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Bila alama za mwanzo hakuna cha kulinganisha nacho. Kipimo cha Medicare kinataka majibu ya awali yapatikane ndani ya siku 90 kabla ya operesheni. Wiki mbili kabla ya tarehe, ikiwa hujaletewa kitu, piga simu uulize.

Utakutana na madodoso haya:

- KOOS JR, kwa goti: maswali 7 kuhusu kukakamaa kwa goti asubuhi, kugeuka ukiwa umekanyaga, kunyoosha goti, ngazi, kusimama wima, kuinuka kitini, na kuinama kuokota kitu.
- HOOS JR, kwa nyonga: maswali 6, yakiwemo kutembea pasipo sawa na kujigeuza kitandani.
- PROMIS Global au VR-12: hali ya afya kwa jumla, mwili na akili. PROMIS lilizaliwa kwa fedha za taasisi za taifa za utafiti wa afya, NIH, zilizoko Bethesda.

Yatafuata maswali madogo: Je, mgongo unauma? Viungo vingine je? Unatumia dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni kwa muda mrefu? Unaweza kujaza fomu za hospitali mwenyewe bila shida? Hilo la mwisho wengi hulijibu kwa kujikweza. Jibu ukweli. Linasaidia kulinganisha matokeo kwa haki, na ni fursa ya kuwaambia kwamba unahitaji maelekezo ya mdomo.

Hatua ya 4: Jibu kuhusu wiki iliyopita

KOOS JR na HOOS JR huuliza kuhusu siku saba zilizopita, na majibu yana ngazi tano, kuanzia hakuna mpaka kali kupita kiasi. Shika kanuni hizi:

Kwanza, jibu jinsi ilivyokuwa bila kujikaza. Ukipanda ngazi kwa kushika ukuta na kupumzika katikati, hiyo si shida ndogo hata kama juu unafika.

Pili, usibadilishe jibu kwa kumwonea haya daktari. Alama mbaya kabla ya operesheni hazimtukani mtu.

Tatu, usiache swali kwa kuwa halikuhusu. VR-12 hutaja kusukuma mashine ya kufyonza vumbi na hata kucheza gofu kama mifano ya kazi ya wastani. Hujawahi kushika fimbo ya gofu? Fikiria kazi unayofanya yenye uzito kama huo: kupiga deki, kusogeza meza, kumgeuza mgonjwa kitandani ikiwa unahudumia wazee.

Nne, usiyaruke maswali ya huzuni na wasiwasi. Msongo wa mawazo huathiri maumivu na kupona, na mwenye kuusema kabla anaweza kusaidiwa kabla.

Hatua ya 5: Andika yasiyoulizwa

Dodoso fupi lina mipaka yake. KOOS JR haliulizi kupiga magoti wala kuchuchumaa. Kwa Mwislamu, kusujudu na kikao cha atahiyatu ni mambo ya kila siku. Kwa Mkatoliki, kupiga magoti kanisani. Anayetarajia kurudi Pemba au Kilifi atataka kukalia mbuzi na kukuna nazi. Mbeba boksi anawaza shifti ya saa 12, na anayeishi Bowie akifanya kazi D.C. anawaza ngazi za kituo cha New Carrollton.

Chukua karatasi, andika mambo matatu unayotaka kuyafanya tena, moja kwa kila mstari, kwa maneno ya vitendo. "Nipone" haipimiki, "nisali nikiwa chini badala ya kwenye kiti" inapimika. Magoti ya bandia mengi hayakunji kama la kuzaliwa, na wengi hupata shida kupiga magoti baada ya operesheni. Ni heri uyasikie hayo kabla ya kusaini fomu ya ridhaa.

Hatua ya 6: Yalete majibu kwenye mazungumzo

Dodoso lililojazwa likafungiwa kwenye kompyuta halimsaidii mtu. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, kwa wagonjwa 766 wenye saratani iliyosambaa waliokuwa kwenye kemotherapi. Walioripoti dalili zao kwa kompyuta, huku muuguzi akipelekewa ujumbe hali inapoharibika, waliishi kwa kiwango cha kati miezi 31.2; waliopewa huduma ya kawaida, miezi 26.0. Saratani si goti, lakini fundisho linahamishika: palikuwa na mtu wa kusoma na kuchukua hatua.

Basi ukikaa na daktari, sema: "Daktari, alama zangu ni ngapi?" Kisha uliza:

1. Watu wenye alama kama zangu hupata nafuu kiasi gani hapa kwenu?
2. Je, alama zangu zinaonyesha nisubiri, nifanye mazoezi ya viungo kwanza, au nipasuliwe?
3. Kati ya mambo yangu matatu, lipi linawezekana na lipi haliwezekani?
4. Kuna kitu kwenye majibu yangu, kama huzuni, mgongo au dawa, cha kutibiwa kwanza?

KOOS JR na HOOS JR huhesabiwa kutoka 0 mpaka 100, na 100 ni kiungo kisicho na shida. Kipimo cha Medicare huhesabu mgonjwa kuwa amefaidika kwa kiasi kikubwa akipanda kwa alama 20 kwa goti, au 22 kwa nyonga. Aliyekuwa na 47 akafika 70 amevuka. Aliyeingia na 80 karibu hana nafasi ya kupanda hivyo, na hapo ni haki kuuliza kama kisu kinahitajika sasa.

Hatua ya 7: Wiki za kwanza, tenganisha dodoso na dharura

Dodoso la mtandaoni huenda lisisomwe siku hiyo. Maumivu ya kifua au kupumua kwa shida: piga 911. Shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikiwa chekundu na kutoa majimaji, au homa ikipanda: piga simu ya daktari mpasuaji papo hapo, hata usiku.

Kwa mengine, weka daftari. Kila Jumapili andika maumivu kuanzia 0 hadi 10, umelala vipi, umepanda ngazi ngapi, umemeza vidonge vingapi. Lionyeshe kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mstari wa maumivu usioshuka kwa wiki tatu unasema mengi kuliko "bado bado kidogo".

Hatua ya 8: Jaza tena baada ya mwaka, hata ukiwa nyumbani

Kipimo cha Medicare hutafuta majibu ya pili kati ya siku 300 na 425 baada ya operesheni, yaani takriban miezi 10 hadi 14 baadaye. Wakati huo wengi wamepona, wamebadilisha simu, au wamekwenda Moshi kwenye harusi. Kabla ya kusafiri, hakikisha nywila ya akaunti inafanya kazi nje ya nchi na ueleze kliniki wakutafute kwa njia gani.

Chini ya kipimo hicho, hospitali inatakiwa kuwa na majibu kamili ya kabla na ya baada kwa angalau nusu ya wagonjwa wanaohusika. Wasemaji wa Kiswahili wasipojaza, matokeo yao hayamo kwenye hesabu, na hospitali haitajua kama inawahudumia vyema au vibaya.

Hatua ya 9: Alama zisipopanda, usinyamaze

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa kati ya asilimia 10 na 34 ya waliobadilishiwa goti, na asilimia 7 hadi 23 ya nyonga, walibaki na maumivu ya muda mrefu. Si wewe peke yako, wala si mkosi.

Omba nakala ya alama zako zote mbili. Sheria inakupa haki ya kuona rekodi zako. Omba miadi maalumu kwa ajili ya matokeo, ukiwa na mkalimani. Taja kilichobaki: ni ngazi, usingizi, au kuinuka kitini? Kila kimoja kina uchunguzi wake, kuanzia maambukizi na kulegea kwa kiungo cha bandia mpaka maumivu yanayotoka mgongoni. Ukiona hujasikilizwa, tafuta maoni ya daktari wa pili, ukiwa na karatasi zako mkononi. Ukinyimwa mkalimani, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Afya ya serikali kuu.

Na alama zikipanda, zipeleke vilevile. Daktari anayejua kilichofaulu kwako ana cha kumweleza jirani yako atakayekaa kwenye kiti hichohicho mwezi ujao.